Paratext 9 kwa familia inayojiandaa kutafsiri Biblia ugenini: uzuri wake na usumbufu wake

Mume na mke wanaojiandaa kwenda kutafsiri Biblia nje ya nchi yao huwa na mambo chungu nzima ya kukamilisha: viza, chanjo, shule ya watoto, kozi ya isimu, wafadhili. Katika pilikapilika hizo Paratext, programu ya kompyuta ya kutafsiria Biblia, huachwa hadi wiki ya mwisho, kama kitu cha kupakua na kuondoka nacho tu. Kufanya hivyo kunagharimu. Ndani ya programu hii ndimo kazi yote itakamofanyika kwa miaka mingi, na baadhi ya maamuzi ya siku za kwanza, hasa yale ya herufi, hufuatana na mradi mpaka kwa mchapaji.

Tathmini yetu ni hii: kwa tafsiri ya maandishi hakuna zana nyingine iliyokamilika kiasi hiki, na familia itakayofanya kazi chini ya shirika la tafsiri karibu lazima itaikuta huko iendako. Lakini haifai kujifunziwa ugenini, umeme ukiwa wa kubahatisha na mshauri akiwa mbali. Jifunzeni mkiwa bado nyumbani.

Paratext hutengenezwa kwa ushirikiano wa United Bible Societies (umoja wa vyama vya Biblia duniani) na SIL, shirika la isimu na tafsiri. Haina ada ya leseni, ila mtu hawezi kujichukulia tu akaanza kazi. Kila mtumiaji husajiliwa kwa jina lake, na shirika linalohusika na tafsiri humthibitisha kabla hajapewa namba ya usajili. Hapa wanandoa hujikwaa mapema: huomba usajili mmoja wakidhani utawatosha wawili. Usifanye hivyo. Paratext huandika jina la aliyebadilisha mstari, aliyeacha noti na aliyekubali neno, na noti hupangiwa mtu kwa jina. Mume na mke wakitumia jina moja, baada ya mwaka hakuna atakayejua nani aliamua nini kwenye Marko 4, na mshauri wa tafsiri hatajua amwulize nani. Kila mmoja na usajili wake, na ikiwezekana kila mmoja na kompyuta yake.

Mashine na umeme

Programu imeundwa kwa ajili ya Windows. Lipo pia toleo la Linux. Mwenye Mac inambidi aendeshe Windows ndani ya Mac, jambo linalowezekana lakini linalokula RAM na betri, kwa hiyo kama mnanunua mashine mpya kwa ajili ya kazi hii, nunueni ya Windows. RAM ya GB 8 na diski ya SSD ndicho kiwango ambacho hatungeshuka chini yake. Kwenye GB 4 programu itafunguka, ila ukiweka madirisha manne kwa pamoja (Kiebrania au Kigiriki, Biblia ya lugha ya taifa, rasimu, na orodha ya noti) itaanza kukokota.

Kuna kisakinishi kidogo kinachovuta faili mtandaoni na kuna kikubwa kisichohitaji mtandao. Chukueni kikubwa, mkiweke kwenye flashi mbili. Kisha, kabla ya kusafiri, pakueni matini zote mtakazozihitaji: Agano la Kale la Kiebrania, Agano Jipya la Kigiriki, tafsiri za lugha mnazozisoma vizuri, Biblia ya lugha ya taifa ya huko mwendako, na vitabu vya mwongozo kwa watafsiri. Fanyeni hivyo kwenye kila kompyuta.

Kuhusu umeme, hesabu ni nyepesi. Laptopu ya kawaida ikitumia wastani wa wati 30 kwa saa 8 inakula Wh 240. Mbili ni Wh 480. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mna Wh 600 za kutumia. Inatosha laptopu mbili kwa siku moja, na taa kidogo. Tafuteni chaja inayotoa umeme moja kwa moja kwenye volti 12, maana kupitisha kwenye inveta hupoteza sehemu ya umeme huo bure.

Kuanzisha mradi

Mradi mpya huuliza maswali machache, na baadhi yake ni mazito kuliko yanavyoonekana. Jina fupi la mradi lina herufi 3 hadi 8. Ndilo litakaloonekana kila mahali, na kulibadilisha baadaye ni taabu, kwa hiyo msiweke jina la utani. Lugha hutambulishwa kwa msimbo wake wa kimataifa wa herufi tatu. Hakikisheni ni wa lugha yenyewe, usije ukawa wa lugha jirani yenye jina linalofanana. Kama mnaenda mahali ambapo kutafsiri Biblia kunaweza kuwahatarisha watu, sajilini mradi kwenye fungu la siri tangu siku ya kwanza.

Swali la mpangilio wa sura na mistari watu hulipita bila kusoma. Biblia zote hazihesabu sawa. Katika Kiebrania, kichwa cha Zaburi 51 kinahesabiwa kuwa mstari wa 1 na wa 2, kwa hiyo maneno ambayo Biblia nyingi huyaita mstari wa 1 kule ni mstari wa 3. Malaki ina sura 3 kwa Kiebrania na 4 katika Biblia nyingi nyingine; Yoeli ina 4 kwa Kiebrania na 3 kwingine. Chagueni mpangilio unaofuatwa na Biblia ambayo makanisa ya eneo hilo huisoma, la sivyo mhubiri atataja mstari na wasikilizaji wafungue mwingine. Mkichagua vibaya, ukaguzi wa sura na mistari utadai Malaki 4 imezidi au mistari ya Zaburi imepungua. Mpangilio wenyewe unaweza kubadilishwa baadaye, lakini kilichokwisha kuandikwa hakijipangi upya chenyewe.

Kisha nafasi za watu: msimamizi, mshauri, mtafsiri, mtazamaji. Msimamizi ndiye anayeongeza watu na kugawa vitabu. Familia nyingi za kimisionari hujipa usimamizi peke yao kwa sababu ndio wenye kujua kompyuta. Likizo ya kurudi nyumbani ikifika, watafsiri wenyeji hawawezi kumwingiza mwenzao mpya wala kubadilisha ruhusa ya kitabu. Wekeni wasimamizi wasiopungua wawili, mmoja wao awe mzungumzaji wa lugha hiyo au mtumishi wa shirika la hapohapo. Lugha ni yao, na usimamizi wa kazi unapaswa kuwa mikononi mwao mapema, si mwaka wa mwisho wa mradi.

Herufi

Hapa ndipo tungetumia nusu ya muda wote wa maandalizi.

Chukua alama ya king'ong'o kama katika ng'ombe. Kwa macho ni kialama kimoja. Kwa kompyuta kinaweza kuwa vitu vitatu tofauti, kila kimoja na namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta: U+0027, yaani kialama kilichonyooka cha kibodi, U+2019, ambacho ni alama ya kufunga nukuu na ambacho programu nyingi za kuandikia hukiingiza zenyewe, na U+02BC, ambacho kompyuta hukihesabu kuwa herufi. Tatizo la U+2019 ni kwamba ndicho kinachofunga nukuu ya ndani. Ukaguzi wa nukuu ukikikuta katikati ya neno utadhani nukuu imefungwa, utatafuta ilipofunguliwa, na utatoa makosa mamia ambayo hayapo. Na alama ikihesabiwa kuwa kituo badala ya herufi, orodha ya maneno itamkata ng'ombe vipande viwili, “ng” na “ombe”, na kuvihesabu kuwa maneno kamili. Kwa lugha ambayo kialama hicho ni konsonanti, iliyomo karibu katika kila sentensi, ukaguzi wote unakuwa hauna maana.

Suluhisho ni kutumia U+02BC pale kialama kinapokuwa sehemu ya neno, na kukiorodhesha kwenye mipangilio ya lugha pamoja na herufi nyingine. Mkibaki na U+0027, mipangilio hiyohiyo inaruhusu kukitaja kama alama inayoweza kukaa ndani ya neno. Inafanya kazi, ila inahitaji uangalifu zaidi kwenye nukuu.

Mtafsiri hatakiwi kukumbuka namba hizi. Hiyo ni kazi ya Keyman, programu ya kibodi iliyo chini ya SIL na isiyo na malipo. Kwa kifaa chake cha kutengenezea kibodi mnapanga kitufe cha kialama kitoe U+02BC, na kubonyeza < kutoe ‘ wakati << inatoa “. Kibodi hiyohiyo huwekwa kwenye simu za wasomaji wa majaribio, ili maoni yao yaje kwa herufi zilezile. Kwa fonti, Charis SIL na Gentium zina karibu herufi zote za Kilatini mtakazokutana nazo, na Andika ilichorwa kwa kuwafikiria wanaoanza kujifunza kusoma. Zote ni za bure.

Lugha zenye toni zina mtego wa pili. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kama kitu kimoja, U+00E9, au kama e ikifuatiwa na alama ya toni, U+0301. Jicho halioni tofauti, ila mashine inaona maneno mawili: unatafuta neno, linapatikana mara 40 wakati lipo mara 90. Kwenye mipangilio ya mradi mnachagua Paratext ihifadhi kila kitu kwa umbo lililounganishwa au lililotenganishwa. Chagueni moja kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Kumbukeni pia kwamba ɛ́ haina umbo la kitu kimoja kabisa. Daima ni herufi na alama yake, kwa hiyo fonti isiyoweza kupachika alama vizuri itaidondosha pembeni.

Mnachojifunza nyumbani ni jinsi ya kufanya haya. Alfabeti yenyewe msiifungie sandukuni. Ina wenyewe: wazungumzaji, walimu wao, pengine kamati ya lugha au vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Familia inayofika na kibodi iliyokamilika kabla ya kumsikiliza mtu yeyote imeanza vibaya, hata kama kibodi yenyewe ni safi.

Ukaguzi: nguvu yake na mipaka yake

Ukaguzi wa msingi ndio unaoitofautisha Paratext na programu ya kawaida ya kuandikia. Maandishi huhifadhiwa kwa alama za USFM, mfumo wa kuonyesha sehemu za matini ya Biblia: \c kwa sura, \p kwa aya, \v kwa mstari, \s kwa kichwa cha habari, \q1 na \q2 kwa mistari ya ushairi. Mtafsiri afanye kazi kwenye mwonekano wa kawaida, ambao hulinda alama hizi zaidi. Mwonekano usio na mpangilio waachieni wanaojua, kwa sababu humo mtu anaweza kufuta \v bila kujua na mistari miwili ikawa mmoja. Lugha ikihitaji sababu itangulie tokeo, mistari huunganishwa kwa kuandika \v 12-13, na ukaguzi unalielewa hilo.

Siku ya kwanza, ukaguzi wa herufi hutisha. Mradi mpya haujaambiwa herufi ipi ni halali, kwa hiyo hulalamikia karibu kila kitu, na wengi huuzima wasiurudie tena. Dawa ni kufungua kwanza orodha ya herufi zilizotumika, kuipanga kwa idadi, na kuzikubali zile za alfabeti. Zinazobaki chini, zilizotokea mara moja au mbili, kwa kawaida ni makosa ya kuchapa au herufi ngeni iliyoingia kwa kunakili kutoka programu nyingine. Fanyeni vivyo hivyo kwa vituo, kisha kwa maneno yaliyorudiwa. Lugha yenye mirudufu kama haraka haraka itahitaji kuyaidhinisha hayo moja moja, lakini ni mara moja tu. Utaratibu unaookoa muda ni kuanza na alama pamoja na sura na mistari, kisha herufi, kisha vituo, na nukuu ziwe za mwisho, kwa kuwa kosa la hatua ya awali huzaa makosa bandia kwenye hatua ya baadaye.

Chombo cha istilahi za Biblia ndicho tunachokipenda kuliko vyote. Kinaonyesha kila mahali neno la Kigiriki au la Kiebrania linapotokea, na kama tafsiri mliyoikubali imetumika mahali hapo. Kwa lugha zenye viambishi vingi, siri iko kwenye nyota (*), inayosimama mahali pa herufi zozote. Tuseme kwa Kiswahili mmeandika *patanish* kama tafsiri: itanasa ametupatanisha, upatanisho na mpatanishi kwa mkupuo. Mkiandika “upatanisho” peke yake, mistari mingi iliyo sawa itaonekana kuwa na upungufu. Lakini mzizi ukiwa mfupi mno, inakuwa kinyume: *pend* itanasa upendo na anampenda, na pia upendeleo na mapendekezo, na programu itawaambia mambo ni shwari mahali ambapo neno halipo kabisa. Anayechagua mzizi awe anaijua sarufi ya lugha, na matokeo yake yasomwe na macho ya mtu.

Orodha ya maneno nayo huruhusu kukata neno vipande, kwa mfano a+ me+ tu+ patanish +a, na kadiri mnavyokata ndivyo inavyoanza kubahatisha vizuri kwenye maneno mapya. Hayo hulisha tafsiri rejeshi ya neno kwa neno, yaani rasimu iliyorudishwa kwenye lugha anayoielewa mshauri, ambayo ataisoma.

Pamoja na yote hayo, ukaguzi huu unatazama umbo. Sura inaweza kupita bila kosa hata moja na bado msikilizaji akaelewa kinyume cha alichosema Paulo. Kupima na jumuiya na kukaa na mshauri wa tafsiri hakuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi yake, na ni vyema wafadhili nao waambiwe hivyo wanapouliza kwa nini kitabu “kilichokamilika” hakijachapwa.

Tuma na pokea

Kazi hupelekwa na kupokelewa kwa intaneti, kwa flashi au kwa mtandao wa ndani ya ofisi. Mabadiliko tu ndiyo yanayosafiri, kwa hiyo hata mtandao dhaifu wa simu hutosha. Watu wawili wakigusa mistari tofauti, Paratext huunganisha yenyewe. Wakigusa mstari uleule, huchagua toleo moja na kuacha noti ya mgongano inayoonyesha lile lingine. Noti hizo zisomwe siku hiyohiyo. Zikirundikana, kazi nzuri ya mtu inabaki imefukiwa humo na mwenyewe hana habari. Njia ya kuzipunguza ni msimamizi kugawa vitabu au sura, kila mtu na zake.

Kwa flashi, kinachokwamisha mara nyingi ni kwamba mpokeaji hajaongezwa kwenye mradi kwa jina lilelile alilosajiliwa nalo. Flashi ina kila kitu na yeye haoni kitu. Na folda ya miradi isiwekwe ndani ya OneDrive wala Dropbox: Paratext huweka humo historia yake iliyofichika, na huduma inayosawazisha faili kwa mpango wake inaweza kuivuruga. Tuma na pokea ya kila siku ndiyo nakala ya akiba. Kabla ya kikao na mshauri, wekeni alama kwenye historia ya mradi, ili baadaye mlinganishe kabla na baada.

Saa za familia

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: programu hii inamfaa mzazi mwenye vipindi vifupi. Kuandaa rasimu au kukaa na mshauri kunahitaji asubuhi nzima, lakini kupitia maneno 100 ya orodha ya tahajia, kujibu noti alizopangiwa, au kukamilisha istilahi moja, ni kazi za dakika 40 zinazoweza kuachwa na kurudiwa bila kupoteza uzi. Mzazi anayefundisha watoto nyumbani anaweza kubeba sehemu hiyo kwa ukamilifu, na ni sehemu yenye uzito. Gawaneni kwa msingi huo tangu mwanzo. Msimhesabu mmoja kuwa mtafsiri na mwingine kuwa msindikizaji.

Upungufu mkubwa ni kwa lugha ambazo tafsiri itafanywa kwa mdomo. Huko Paratext inabaki ya kumbukumbu tu, na kazi yenyewe huhitaji zana za sauti kama Render. Uwezo wa kupata rasimu ya mashine kupitia Scripture Forge, huduma ya mtandaoni inayofanya kazi na Paratext, upo, lakini unategemea vitabu vilivyokwisha kutafsiriwa vizuri katika lugha hiyohiyo, kwa hiyo kwa kitabu cha kwanza hauna msaada. Na menyu ni nyingi. Mzee wa kanisa anayekuja kusoma rasimu mpeni karatasi au simu, msimketishe mbele ya madirisha manne.

Kwa mazoezi, Filemoni inatosha: mistari 25. Anzisheni mradi wa majaribio, mmoja aandike kitabu hicho kwa lugha yenu ya nyumbani, na msisahau \c 1, kwani hata kitabu cha sura moja kinaihitaji. Endesheni ukaguzi wote mpaka usibaki mlalamiko. Kisha kila mmoja abadilishe mstari wa 6 kwenye kompyuta yake bila kumwambia mwenzake, mtume na kupokea kwa flashi, na mtafute noti ya mgongano ilipo. Mwisho, futeni mradi kwenye kompyuta moja na kuurudisha kutoka kwenye flashi, mkihakikisha kwamba noti na historia vimerudi navyo. Wenye kulifanya zoezi hili lote bila kufungua mwongozo wako tayari kusafiri na Paratext.